Kikohozi Nyuma ya Pazia

Niapieni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mimi pia niliapa, na oneni, ninaandika gazetini.

Bomu lilimuua mama aliyeongoza kwa kujitolea kundi letu la wasimulizi. Hadithi mbovu aliikata kwa kikohozi kimoja kikavu. Tulipokutana kumchagua mwingine, kila aliyesimama kugombea alisikia kikohozi kilekile nyuma ya pazia, akaketi upesi. Wakati ule wa vita wafu walikuwa wengi. Hatukushangaa mmoja akirudi.

Naibu wake aliposimama, kimya.

"Bon, basi, marehemu amenichagua," akasema.

"Na bibi yako iko wapi, papa?" nikauliza. "Yeye hakosi mkutano."

"Iko nyumbani."

Niliposimama, kikohozi kikarudi. Nikavuta pazia. Mbele ya ukumbi mzima, mkewe alikuwa amechuchumaa, ngumi mdomoni, akikohoa.