Mkono Uliochelewa Njiani

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Wakati wa vita nilifanya kazi kwenye duka la kompyuta mtaa wa Asiatique, Bujumbura. Barabara ya kupanda milimani ilikuwa na waviziaji, na mwalimu mmoja wa wauguzi hakuweza kuwafikia wanafunzi wake. Tukamtengenezea wodi ndani ya kompyuta. Yeye akiwa mjini na wao kule juu, waliingia wote humo kama sanamu zinazotembea, wakaonyeshana kitanda, sindano, jeraha. Kilichotuunganisha ni waya wa simu tu, tena mbovu, na kila mwendo wa mkono ulipita humo kwa vipande vidogo vya habari.

Nikamwambia patroni, mwenye duka, "Habari ya pahali mukono iko, kama ikipotea njiani, tuiache, tutume mupya. Ya zamani haina kazi tena."

"Apana. Kila kitu kifike, tena kwa mustari. Mi ndiye nilisoma Ulaya."

Siku ya kuonyesha wageni wa serikali, kipande kimoja kikapotea. Vingine vyote vikapanga foleni kukisubiri. Kwenye kioo cha kompyuta mwalimu akaganda, mkono juu, halafu akazipitia hatua zote zilizochelewa mbiombio, kama kichaa. Wageni wakacheka. Patroni akaninyooshea kidole: "Kosa yangu ni kumuachia mwanamuke."

Mchana uleule mwenzangu kazini, Mkongomani wa Uvira, akafunga mlango, tukaandika upya. Mwendo wa mkono tuliutuma bila kusubiri. Ukipotea, kompyuta inakisia mkono ulikuwa unaelekea wapi. Maneno na vipimo vya dawa tu ndivyo tulivyohakikisha vimefika. Mwalimu akajaribu kumfunga bandeji mgonjwa wa humo ndani. Mwanafunzi mmoja akaandika kutoka milimani: "Mama, sasa ninaona vile unafanya."

Wiki iliyofuata patroni akawaita tena wale wageni. "Nimerekebisha," akasema.

Nimerekebisha!

"We ulirekebisha nini?" nikamuuliza mbele yao. "Waeleze."

Akanifukuza palepale. Mwenzangu akainamisha kichwa. Alikuwa mkimbizi asiye na karatasi, sikumlaumu.

Wodi ile ilifanya kazi mpaka barabara ikafunguka, na wauguzi wakahitimu. Watu huniambia hilo latosha. Halitoshi. Patroni alifuta jina langu kwenye kila faili, na siku aliyonifukuza nilirudi nyumbani Cibitoke kwa miguu, nikimtukana kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa.