Wino Uliostahimili Mvua

Mpaka leo nikiona chupa imevalishwa nailoni iliyobana, maandishi yametulia juu yake bila hata ufa, napandwa na hasira. Wajukuu huniuliza nina ugomvi gani na chupa. Nawaambia wanywe wanyamaze.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifanya kazi katika duka la kuchapa mjini Kisii. Tulichapa kadi za harusi, programu za kanisa, matangazo ya matanga, na mabango wakati wa uchaguzi. Mwenye duka alikuwa mzee Msabato, mtu mwema kabisa lakini mbishi ajabu. Nami sikatai, mdomo ninao. Nilikuwa nimepanga chumba Nyanchwa, na kila asubuhi nikishuka kilima kwa miguu nilijua kwamba nikifika tu, kabla hata ya kuvua sweta, tutakuwa tumeshabishana juu ya jambo fulani.

Nyumbani kwetu ni Tabaka, kwenye mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago. Baba yangu, ambaye sisi kwa Kikisii tunamwita Tata, alichonga viboko, wale wanyama wa mtoni, maisha yake yote. Mama na shangazi zangu walivisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, kisha wakavipaka nta mpaka vikang'aa. Tata alikuwa na desturi moja: hakumkabidhi mtu jiwe lenye vumbi. Lazima kwanza alambe kidole gumba, alifute pande zote, alitazame kwenye mwanga, ndipo alitoe. Hata Mama akimwambia amsogezee kipande ambacho hakijakwisha, atasubiri kwanza Tata afute. Mama alikuwa akimcheka, "Wewe utakuja kutufuta hata sisi."

Tata aliwahi kwenda Nairobi mara moja tu. Huko alimwona kiboko wake dirishani mwa duka la watalii. Alimjua kwa sikio, maana masikio yake aliyalaza nyuma kidogo, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Akaingia, akamwambia muuzaji kwa furaha kwamba ile ni kazi ya mikono yake. Muuzaji akamgeuza kiboko, akamsomea karatasi iliyobandikwa tumboni: jina la duka, na neno Nairobi. Tata akabishana. Wakamshika mkono wakamtoa nje kama mwizi, mzee mzima na kofia yake. Alirudi nyumbani bila kusimulia. Tulisikia kwa mtu aliyekuwa naye.

Sasa basi, kikundi chao cha wachongaji kikapata mnunuzi wa Nairobi aliyepeleka vinyago ng'ambo. Mnunuzi huyo alitaka kila kinyago kivalishwe nailoni angavu, ile ambayo ukiipitishia upepo wa moto inanywea na kubana kitu chote. Na juu ya nailoni kuchapwe jina la mahali kinapotoka. Kazi ya kuchapa ikaja dukani kwetu, nami nikaenda nyumbani mbio kumweleza Tata.

Tata akauliza, "Hata mtu wa duka hawezi kulibandua?"

"Hawezi, Tata. Mpaka aikate nailoni yenyewe."

"Basi andikeni Tabaka. Herufi kubwa. Nikiliona hilo juu ya kiboko wangu, sidai kitu tena."

Wakati huo alikuwa hachongi tena. Vumbi la miaka yote lilikuwa limemwingia mapafuni, akikohoa mpaka anashika ukuta. Hospitalini walikuwa wametuambia waziwazi kwamba hakuna dawa ya kulitoa, tumpeleke nyumbani tumtunze. Kwa hiyo aliposema hadai kitu tena, nilijua anasema nini. Kiboko wake wa mwisho alikuwa amekwisha, na alitaka awe wa kwanza kuvalishwa.

Rangi ya wino haikutugombanisha mimi na mzee wa duka. Mawe yale yalikuwa mekundu ya udongo, kwa hiyo wino ungekuwa mweupe uonekane. Tuligombana juu ya aina. Tulikuwa na makopo mawili ya wino mweupe wa nailoni. Mmoja ulikuwa mgumu, unakauka upesi na kung'aa kama sahani ya udongo. Wa pili ulikuwa laini, unachelewa kukauka, na ukiugusa unanata kidoleni kama utomvu wa ndizi.

Ni lazima mwelewe mvua ya Kisii. Kila alasiri inanyesha, na kazi yetu yote ilikuwa kupigana nayo. Tuliwahi kuchapa bango la mgombea mmoja, mvua ikaja, uso wake ukateremka ukutani wote yakabaki masharubu. Mji mzima ulicheka, mzee wangu hakulala. Tangu hapo kwake wino mzuri ulikuwa wino usiotoka kwa mvua, basi, hakuna swali jingine. Kwa hiyo Ijumaa alichapa vipande viwili vya nailoni, kila wino na chake, akavitundika nje ukutani. Jua lilipoanza kushuka akafunga duka kwa ajili ya Sabato. Usiku na siku nzima ya Jumamosi mvua ilinyesha na upepo juu yake, na hakuna mtu ambaye angethubutu kuvunja Sabato kwenda kuvianua.

Jumapili wino mgumu ulikuwa pale pale, safi. Ule laini ulikuwa umechuruzika.

"Umeona?" akasema mzee.

"Ulikuwa haujakauka!" nikamwambia. "Na hii nailoni si bango. Inakwenda kupigwa moto."

"Moto utauona wapi? Mashine iko Nairobi. Mvua ndiyo iko hapa."

Nilichukua pasi ya makaa nikajaribu kupasha kipande. Kikagandia pasi, kikatoa moshi mweusi na harufu mbaya, mzee akanifukuza nayo mpaka nje. Na kusema kweli, sikuwa na hakika. Nilikuwa nabisha tu, kama kawaida yangu. Akachapa bunda zima la nailoni kwa wino mgumu. Nilipoona TABAKA imekaa pale kwa weupe wake, nikaikwangua kwa ukucha, haikutoka. Nikailoweka kwenye ndoo, haikutoka. Nami nikaamini. Nikatuma salamu nyumbani kwamba mambo ni mazuri.

Mtu wa mnunuzi akaja na gari, vinyago nyuma, na chombo kama kile cha saluni cha kukaushia nywele, ila kikali zaidi. Akachukua kiboko wa Tata kwanza, kama tulivyoomba. Akamvisha, akawasha. Lo, ilikuwa ajabu! Nailoni ilinywea, ikashika tumbo, ikapanda mgongoni, ikalala kwenye masikio yale. Watu waliojazana mlangoni wakapiga makofi. Halafu tukasikia sauti ndogo, kama chumvi motoni. Nailoni ilikuwa inanywea na wino ulikuwa umekataa kunywea nayo. Herufi zikapasuka kila mahali kama visigino vya mtu asiyepaka mafuta.

"Punguza moto," akasema mzee. Moto ukapunguzwa, nailoni ikalegea ikawa kama nguo ya kuazima. Wakajaribu kinyago cha pili, na cha tatu. Vile vile, na kwingine herufi zikaanza kupukutika kabisa.

"Tuchape upya na ule laini," nikasema.

"Kwa nailoni gani?" yule mtu akauliza. "Mmeshachapa yote. Nyingine inakuja kwa meli. Ni miezi."

"Ngojeni basi hiyo miezi!"

"Dada, mzigo una safari yake." Akasema wataufuta wino wote na kuvalisha hivyo hivyo bila jina, kisha Nairobi watabandika karatasi zao.

Nilimgombeza mtu yule mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Sasa mimi nifanyeje?" Nilitamani awe mbaya nipate wa kumchukia. Mzee wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumbishia.

Niliomba kiboko wa Tata, wakanipa. Herufi zake zilikuwa na nyufa lakini zilisomeka zote: TABAKA. Nikamfunga ndani ya leso, nikambeba kifuani njia nzima bila kumgusisha na kitu. Nilijisemea kwamba angalau huyu mmoja Tata atamwona. Hayo mengine ya Nairobi hana haja ya kuyajua.

Nilimkuta Tata amekaa kitandani, mgongo ukutani. Mama alikuwa mtoni. Nikamfungulia leso, nikamweka kiboko mapajani mwake. Akampapasa kwanza, kichwa, tumbo, masikio. Akasema nailoni ni laini kama ngozi ya mtoto. Chumba kilikuwa na giza, na macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo nikamwambia, "Ngoja, Tata, nifungue dirisha uone vizuri." Dirisha lile lilikuwa la mbao, limevimba kwa mvua. Nilihangaika nalo, nikalipiga kwa kiganja, mwishowe likafunguka na mwanga ukaingia wote.

Nilipogeuka, alikuwa ameshalamba kidole gumba. Alikuwa anafuta.

Kidole kilikuwa kinakwenda na kurudi polepole, kama siku zote, na wino ulikuwa unatoka vipande vipande vyeupe, unaanguka kwenye blanketi. Akavipuliza, akakohoa, akafuta tena pembeni, akamwinua kiboko kwenye mwanga wa dirisha akamtazama pande zote.

"Hao watu wako wa mjini," akasema, "wamemwachia vumbi." Akaninyooshea kiboko kwa mikono miwili, uso umechangamka kama ambavyo sikuwa nimeuona siku nyingi. "Sasa ni safi, mama. Haya, nionyeshe jina limeandikwa wapi."