Hukumu Iliyoingia Grupu la Sendofu

Ninasoma riwaya za mapenzi. Zile zenye picha ya mwanamke anayelia kwenye jalada, nyuma yake mwanamume amegeuza uso, na kwa mbali gari jekundu ambalo ndani ya hadithi halipo kabisa. Ninazisoma nimejilaza, natafuna karanga, na mambo yakiharibika naweka kitabu kifuani nipumue kwanza.

Kwa miaka mingi nilikana. Nilisomea fasihi chuo kikuu, naandika makala, na ndugu zangu wananiogopa kidogo kwa sababu hiyo. Sikuona haja ya kuwapunguzia hofu. Vitabu hivyo nilivivika kaki kama madaftari ya darasa la tatu. Siku moja wifi yangu, mke wa kaka, alikikuta kimoja kwenye kochi langu Tegeta, nikamwambia ni cha dada wa kazi. Dada wa kazi alikuwa amesimama palepale. Aliniangalia, akakichukua, akaenda nacho jikoni. Nilirudishiwa alipokimaliza.

Waliojua ukweli, au ndivyo nilivyodhani, walikuwa wawili tu: rafiki yangu mwenye saluni Mbezi Beach, na mwingine, muuguzi mstaafu anayefuga kuku Pugu. Tunazungushiana kitabu kimoja kwa bodaboda. Wa mwisho akishamaliza, kila mmoja anarekodi hukumu yake na kuituma kwenye grupu letu la simu. Sharti ni moja: watu wa kitabuni wanaongelewa kama majirani. Sharti hilo lilitungwa kwa ajili yangu. Mwanzoni nilikuwa nasema "mhusika mkuu amesawiriwa", mpaka yule wa saluni akanikatiza: "Shoga, mwanamume ana wanawake watatu, wewe unakaa unamsawiri!" Tangu hapo tunasema yule kaka, yule mama, yule mshenzi.

Mwaka huu binti wa kaka yangu akapata mchumba, kijana mpole wa Temeke, mwenye miwani, anayeongea taratibu kama anasoma risala. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikaundwa, grupu likafunguliwa, nami nikawekwa humo kama shangazi wa bibi harusi. Jumapili iliyokuwa inakuja, mama wa kijana na ndugu zake walikuwa wafike kwa kaka kula chakula, watu wajuane kabla ya shughuli.

Jumanne asubuhi nikamaliza kitabu. Zamu hiyo wa mwisho nilikuwa mimi, na nilikuwa na hasira ya mtu aliyetapeliwa. Nikashika simu, nikarekodi:

"Jamani, nimemaliza, na moyo unanienda mbio. Yule kijana hafai! Ule upole wote wa kuazima, ana mke na mtoto huko alikotoka. Na mama yake anajua! Anajua, amekaa kimya, anawapikia watu pilau. Mie ningekuwa mzazi wa yule binti, harusi ningeivunja kesho. Haya, semeni nyie."

Nikaiweka simu kwenye chaji, nikaenda kufua mapazia.

Niliporudi, wifi alikuwa amenipigia mpaka simu imepata joto. Muda mfupi kabla sijarekodi, alikuwa ametuma picha za vitambaa vya meza kwenye grupu la kamati, likapanda juu kabisa, mahali lilipozoea kukaa grupu letu la vitabu. Mimi nilibonyeza la juu. Nikafuta haraka, na kufuta kukawa kosa la pili, maana sasa nilionekana nina kitu cha kuficha. Haikusaidia hata hivyo. Mjumbe mmoja wa kamati ana ndugu jirani na mama wa kijana, na kabla ya adhuhuri sauti yangu ilikuwa imeshafika kwake Mtoni.

"Wifi," akasema wifi, bila salamu, "umejua nini ambacho sie hatukijui?"

"Sijui kitu. Nilikuwa naongelea kitabu."

"Kitabu gani?"

"Riwaya tu. Ya mapenzi."

"Wewe? Si wewe uliyetuambia Pasaka hadithi hizo zinaozesha ubongo?"

"Nilisema, ndiyo."

"Basi usinifanye mwanafunzi wako. Kama kijana ana mke, sema. Kama hana, umemharibia mwanangu."

Nikamwapia. Kila nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayemsitiri mwenye mke. Nilikuwa nimejijengea heshima imara kiasi kwamba ukweli wangu haukupata pa kupenya.

Alasiri mama wa kijana akamtumia kaka ujumbe. Hakutukana. Alisema tu kwamba kama anaonekana mtu wa kupika pilau ili kufunika uchafu wa mwanawe, haoni sababu ya kuja Jumapili kula chakula cha watu.

Jioni bibi harusi mwenyewe akaja kwangu. Nilitegemea machozi. Aliingia, akasema, "Shikamoo shangazi," halafu bila kukaa: "Kiko wapi?"

"Nini?"

"Hicho kitabu. Shangazi, tunajua wote. Mama peke yake ndiye uliyemweza. Mtu mzima gani anavika vitabu kaki?"

Nikakaa chini. Yeye akaendelea kusimama, na sauti ikabadilika kidogo. "Mie huyu kijana namtaka. Sitaki kuingia kwa watu mama mkwe ananiona mtoto wa wale waliomtukana. Maneno haamini tena. Nipe kitabu nimpelekee akisome."

"Chenye jalada lile?"

"Hichohicho. Na kaki utoe."

Nikaitoa. Mwanamke wa jaladani akatutazama na machozi yake, na mwenzangu akacheka mpaka akashika mlango. Akaondoka nacho.

Makala zangu zimesomwa na maprofesa na sikuwahi kukosa hamu ya kula. Sasa nilikuwa nashindwa kumeza ugali kwa sababu ya mama mmoja wa Mtoni ambaye sikujua hata kama anapenda kusoma. Jumatano kimya. Marafiki zangu, badala ya kunifariji, wakaanza kubishana. "Usiogope," alisema wa saluni, "akifika sura ile ya hospitalini atalia, atakusamehe." Muuguzi akajibu: "Pale hospitalini ndipo atakapokitupa. Wodi gani inaruhusu mtu kuvishwa pete katikati ya dripu?" Alhamisi bibi harusi akanitumia ujumbe mmoja: "Anasoma. Ameunguza maharage." Nikausoma mara nyingi, nikitafuta kama maharage yale yalikuwa ya heri au ya shari. Wifi alikuwa bado hajaagiza nyama ya Jumapili.

Ijumaa jioni simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mama," nikasema, maana nilimtambua kwa namna alivyokohoa kabla ya kuanza.

"Marahaba. Nimemaliza."

Nikazima jiko.

"Nilianza na hasira na wewe," akasema. "Nilipofika pale anapoficha picha ya mtoto, hasira ikahamia kwa yule kijana. Hafai."

"Hafai kabisa, mkwe."

"Angekuwa wangu ningemrudisha kwa mkewe kwa fimbo. Nimemwambia mwanangu, aliyekufananisha na yule hakujui. Hilo limekwisha. Ila yule mama umemwonea."

"Mkwe, lakini alijua."

"Alijua lini? Mume amelazwa, nyumba nzima anaibeba huyo mwanawe, wewe ulitaka aseme nini, kwa nani? Na siku ile ya pilau hakuweka chumvi. Hukuona? Mwanamke amepika maisha yake yote, anasahau chumvi? Umemsoma haraka, mama."

Tangu nitoke chuoni hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na chuoni hawakuwahi kuniambia kwa ushahidi mzuri kiasi kile. Ile chumvi niliipita. Nilikuwa nakimbilia hospitalini.

"Nisamehe," nikasema. "Wewe, na yeye."

"Yeye utamwomba mwenyewe. Mimi Jumapili nakuja na ndugu zangu, mwambie wifi yako tuko tisa. Kitabu hakirudi sasa, dada yangu amekishika na haachii." Akakohoa tena, safari hii taratibu. "Una kingine?"

"Kipo kimoja cha mjane na mwalimu mkuu."

"Mjane wa wapi?" akauliza, na nikasikia anavuta kiti.