Busu la Fundi wa Dhahabu

Juzi, kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Majengo, wasichana wawili walikuwa wanabishania katuni ya Kijapani ya fundi anayegeuza mawe kuwa dhahabu. Mmoja alisifu michoro. Mwenzake alisema hadithi inarefushwa mno. Mzee wa Kifipa aliyekuwa akichagua koti kwenye meza ya jirani akaomba aione.

"Unaionaje, babu?"

Akafunua ukurasa, akaurudisha, akaugonga kwa kidole.

"Uongo. Huku anambusu mchumba, huku yuko kwenye tanuru. Baba zetu wakiyeyusha chuma, kwa wake zao hawalali mpaka tanuru ipoe. Ndio mwiko wa tanuru. Huyu kauvunja, hapa hakitoki kitu."

Akarudi kwenye makoti yake.

Jiwe kuwa dhahabu alilipitisha bila neno. Lililomshinda ni busu.