Mbwa Aliyeogopa Mizigo ya Kichwani

Siku ile uwanjani kwetu, upande wa Mabamba, mpakani, tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, bibi jirani yetu aliyekimbia kutoka Burundi, mwenyekiti wa kitongoji, mgambo na rungu lake, na mbwa wetu jike, ambaye ndiye mshtakiwa. Wazazi hawakuwepo. Walikwisha kufa, mmoja akimfuata mwenzake kana kwamba walikubaliana.

Mbwa alitoka Kasulu. Msibani baba mdogo aliahidi kwamba angekuja kutuangalia. Akatuma mbwa kwa lori. Kusema kweli, mbwa alitufaa zaidi. Alifukuza ngedere shambani, na kwa ajili hiyo mdogo wangu wa kiume alikwenda shule badala ya kulinda mahindi. Mimi shule nilikwisha kuiacha. Wa kuacha alitosha mmoja.

Shida ni kwamba kule sokoni Kasulu wapagazi walikuwa wakimpiga mateke, kwa hiyo alimwogopa kila mwenye mzigo kichwani. Na kwetu nani hana mzigo kichwani? Akiogopa, aliuma. Majirani wakasema anapungukiwa ukali, tumlishe nyigu waliochomwa. Tukatii. Mbwa akawala, akalamba midomo, akaendelea kuogopa. Aliyebadilika ni mdogo wangu, aliyekwenda kuwatafuta hao nyigu akarudi na uso kama boga.

Kisha mbwa akamuuma bibi kisigino. Mwenyekiti akatamka: atakuja kumwona mwenyewe, na akiuma tena, rungu.

Kesho yake bibi alikuja akichechemea, kikapu kichwani.

"Bibi, rudi! Atakuuma tena!"

"Mwanangu, nimekimbia bunduki, leo nikimbie na haka kambwa? Njia yangu ya shambani ni hii. Mshike, umpe kitu ale."

Akapita mbali, kule kwenye kahawa. Mimi nikampa mbwa tonge la ugali wa muhogo lenye kichwa cha dagaa. Bibi akipotea na kikapu chake, ugali nao ulikwisha. Ikawa hivyo kila asubuhi, akisogea kidogo kidogo. Manyoya ya mbwa yakisimama, bibi aligeuza njia. Siku niliyomvuta mbwa kwa kamba ili tuharakishe, tulirudi mwanzo, na bibi akanitukana kwa Kirundi kizuri sana. Wapita njia walituuliza kama mbwa yuko jandoni.

Basi mwenyekiti alipokuja, bibi alimpa yeye kikapu cha muhogo.

"Mimi? Mwenyekiti nibebe kikapu?"

"Kwani hiyo shingo ni ya kuvalia tai tu, mzee?"

Mgambo alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti akajitwika, akaja akitembea kama bata. Mbwa akanguruma. Manyoya yakamsimama hadi mkiani. Sikumvuta. Nilishika tonge, nikamwomba Mungu mbwa asimwangalie mwenyekiti, maana mimi mwenyewe nilitaka kumng'ata. Mbwa akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakaa chini.

Hapo mwenyekiti akajikwaa. Muhogo ukamwagika kwa kishindo miguuni pa mbwa. Mgambo akainua rungu. Mbwa akaruka, akaja nyuma yangu, akaficha pua kwenye kanga yangu akitetemeka. Meno hakuyatoa.

"Huyu ni mwoga tu," mwenyekiti akasema, akijikung'uta. "Mwoga haumi."

Nikampa mbwa tonge lake. Mgambo akashusha rungu, na Jumatatu mdogo wangu akaenda shule kama kawaida.

Nilimuuliza bibi nimlipe nini kwa kisigino chake na asubuhi zote zile.

"Mtoto wa huyu mbwa. Jike. Dume silitaki, litazurura kama marehemu mume wangu."

Mbwa akazaa. Madume matupu. Nikampelekea bibi dume mmoja, mnene, mzuri. Akamgeuza, akamchungulia, akanirudishia mikononi.

"Bado unadaiwa."

Uzao wa pili ulipokuja, bibi na wakimbizi wenzake walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Safari hiyo alizaliwa jike mmoja. Nilimbeba kwenye kikapu kutoka kambi moja hadi nyingine, nikimuulizia bibi. Nilirudi naye nyumbani, angali kikapuni.