Nilivyomfanya Mwalimu Mkuu Elektroni

Hii sijawahi kuisimulia bila kuona haya, na mnaonijua mnajua mimi si mtu wa haya. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani Bombolulu mwaka mzima mama ananitazama tu, nikasikia shule moja ya harambee kule Utange yatafuta mwalimu wa kemia. Mwalimu mkuu akaniambia, "Fundisha kipindi kimoja nikuone. Ukiweza, Jumatatu waanza kazi."

Somo lilikuwa namna elektroni zinavyojaza viwango vya nishati. Ningechora ubaoni yakaisha. Lakini mimi na ujuzi wangu (ujuzi gani, wallahi sijui) nikawatoa wanafunzi nje, nikachora maduara manne kwa jivu, moja ndani ya jingine, nikaweka jiwe katikati nikasema hiki ndicho kiini. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane: wawili duara la kwanza, wanane la pili, wanane la tatu, wote kwenye kivuli cha mwembe, atomu ya agoni safi kabisa. Hapo ningemshukuru Mungu nikanyamaza. Nikataka potasiamu, ambayo ina elektroni kumi na tisa, na mtu aliyebaki alikuwa mwalimu mkuu na kanzu yake ya Ijumaa.

"Maalim, tafadhali, simama duara la nne."

Duara la nne lilikuwa juani (na ilikuwa saa sita).

Akaenda, akasimama. Lakini nani atakaa kivulini mzee wake yuko juani? Binti mmoja wa duara la tatu akatoka, "Maalim, njoo hapa kwangu," mwenziwe naye, "La, kwangu mimi," mara wa duara la pili wakainuka, hata wale wawili wa karibu na jiwe wakatoka, atomu yangu yote ikahamia juani, kivulini likabaki jiwe.

"Rudini," nikafoka. "Elektroni haina adabu, haimpishi mtu. Maalim, wewe baki huko nje, ndani huna nafasi. Huyu wa nje ndiye ambaye potasiamu humtoa upesi ikikutana na klorini." Nayasema hayo huku namrudisha mzee kwa kumsukuma bega.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akapangusa jasho.

"Kijana, duara la tatu huchukua wangapi?"

"Wanane, Maalim. Limejaa."

"Huchukua hata kumi na wanane. Mimi niko huku kwa kuwa nafasi ya kwanza ya duara la nne yataka nishati ndogo kuliko zilizosalia katika duara la tatu. Ungelijua hilo, jua hili ningelistahamili."

Kazi akapewa mwingine. Wiki hiyohiyo nikapanda basi kwenda Voi, na tangu hapo sijatulia mji mmoja. Lakini kokote niendako, mtu akiuliza nani ajuaye jambo fulani, nimeapa sifungui mdomo mpaka nijiulize kwanza swali la pili, lile ambalo mwenye kujua ataniuliza.