Ubani wa Kufungwa kwa Gazeti

Juzi, katika duka moja la ubani hapa Mji Mkongwe, mwandishi wenu nilijificha nyuma ya magunia ya karafuu. Kwenye kaunta alisimama askofu wetu wa Kipentekoste, ambaye siku hizi anafukiza ubani ibadani kama Wakristo wa kale. Jumapili nilimnyooshea kidole mbele ya waumini, nikasema, “Huo ni uganga!” Akaendelea kufukiza.

“Shikamoo, Bi. Naomba ubani wa sala.”

“Marahaba, Baba Askofu. Chukua huu mweupe.” Mara yule bibi muuzaji akaniona. “Na wewe mwanangu, ule wako wa kumfukizia mtoto asipatwe na hasadi? Nkufungie kwa gazeti kama siku zote, usionekane?”

Askofu aligeuka. Nikatazama viatu vyangu, nikingoja anisute, angalau nipate la kumjibu. Akasogea kunipisha.

“Mpe, Bi. Mtoto asingoje.”

Akatoka na ubani wake kiganjani, wazi, akakatiza kichochoro kizima akisalimia watu. Mimi, bingwa wa Jumapili, nikamwuliza bibi kama duka lake lina mlango wa nyuma.